Niko na pasipoti mbili na intavyu ya DV ni mwezi ujao, nitoe ipi dirishani?

Anti shikamoo, tafadhali usiweke jina langu.

Mimi nimezaliwa Bujumbura mwezi wa tatu 1998, baba ni Mrundi na mama ni Mkamba wa Machakos. Tuliishi Buja mpaka 2015, zile fujo za muhula wa tatu wa Nkurunziza zilipoanza mama akatubeba mwezi wa sita tukaja Nairobi, baba akabaki na kazi yake. Hapa nikarudishwa nyuma darasa juu Kiingereza changu kilikuwa cha kuombea maji, KCSE, mtihani wa kidato cha nne, nikamaliza 2018, kitambulisho na pasipoti ya Kenya nikapata kupitia mama. Ile ya Burundi pia niko nayo na haijaisha, huwa naitumia nikienda kumsalimia mzee.

Sasa 2023 tukiwa saiba na rafiki yangu tukajaza bahati nasibu ya grinikadi, hii ya DV-2025. Nchi ya kuzaliwa niliweka Burundi, nikasahau kabisa mambo yake. Mei 2024 kuangalia nimechaguliwa! Rafiki yangu hakupata. Namba yangu ni kubwa kwa hivyo nimengoja weee mpaka nikaanza kuwaambia watu ilikuwa utani, na wiki iliyopita ndio barua imekuja, intavyu ni katikati ya mwezi wa tisa, ubalozi wa Marekani hapa Gigiri.

Furaha ilikaa siku moja tu Anti. Mwezi wa sita Trump alitoa ile amri ya kufungia nchi na Burundi iko ndani. Na kuna kitu kinaniumiza zaidi, ile fomu ya kuombea viza, DS-260, nilijaziwa na kijana wa saiba mwaka jana na akaniambia uraia lazima ufanane na mahali pa kuzaliwa, kwa hivyo akaweka Burundi, na pale wanauliza kama una uraia mwingine akabonyeza hapana. Nilimwambia niko na pasipoti ya Kenya akasema hiyo haiwahusu.

Sasa kila mtu ana lake. Binamu yangu anasema nichome ile ya Burundi nijifanye sijawahi kuwa nayo. Kuna wakala wa mtaani anataka elfu sitini anitengenezee cheti cha kuzaliwa cha Machakos, eti nikionekana nimezaliwa Kenya amri hainigusi. Mjomba naye anasema Kenya hairuhusu pasipoti mbili, nikizitoa zote mbele ya mzungu watapigia Imigresheni simu ninyang'anywe ya Kenya. Halafu majina hayafanani, ya Burundi ina majina mawili, ya Kenya ina matatu juu waliongeza jina la babu upande wa mama, na kwa bahati nasibu nilitumia yale mawili.

La mwisho Anti, niko na mchumba. Ni Mrundi, tuko naye hapa Nairobi, pasipoti yake ni moja tu. Posa imeletwa, mahari bado. Yeye anasema twende kwa AG, ofisi ya Mwanasheria Mkuu, tufunge ndoa chapchap kabla ya intavyu ili niende naye. Nampenda na sitaki aone namkimbia, lakini pia sitaki kuharibu. Nifanye nini?

Mwenye pasipoti mbili, Kasarani

ANTI ANAJIBU

Marahaba mwanangu. Kwanza hongera, maana kwa hao washauri wote sijaona hata mmoja aliyekupa hongera. Kwa huu mpango viza zenyewe kisheria ni 55,000 kwa mwaka na wanaochaguliwa ni zaidi ya laki moja, kwa hivyo mtu mwenye namba kubwa akiitwa intavyu mwezi wa mwisho wa mwaka wa DV ana haki ya kushukuru Mungu kabla hajaanza kulia.

Jibu la dirishani ni fupi. Unabeba zote mbili, unatoa ya Kenya kwanza na kusema viza unaiombea kwenye hiyo, na ya Burundi unaiweka hapo kando bila kungoja uulizwe. Nitakueleza kwa nini, juu naona watu wamekukorogea vitu viwili wakavifanya kimoja.

Mahali ulipozaliwa ni kitu kimoja, uraia ni kingine. Hii DV inahesabu watu kwa nchi waliyozaliwa. Ndio maana Mnigeria aliyezaliwa Pumwani anaweza kucheza kwa jina la Kenya wakati Nigeria yenyewe haimo kwenye mpango, na aliyezaliwa Lagos hata akiwa na kitambulisho cha Kenya hachezi kwa Kenya mpaka awe na njia nyingine, kama kupitia mume au mke. Wewe umezaliwa Burundi, ukaandika Burundi, hapo uko sawa kabisa na mtu asikuguse. Ile amri sasa ni ya uraia. Ilisainiwa tarehe 4 Juni 2025 ikaanza kufanya kazi tarehe 9, nchi 12 zilifungiwa karibu kila kitu na 7 zilifungiwa kwa sehemu, Burundi ikiwa kwa hizo 7, na usidanganyike na hilo neno "sehemu" kwa sababu viza za kuhamia ziko ndani ya kilichofungwa. Sababu waliyoandika kwa Burundi ni watu kuingia na viza ya matembezi wakakataa kurudi, asilimia 15.35. Lakini humo humo kwenye hiyo amri kuna walioachwa nje, na mmoja wao ni raia wa nchi mbili anayesafiri kwa pasipoti ya nchi ambayo haijatajwa. Kenya haijatajwa. Mwanangu huyo ni wewe, wamekuandika kabisa isipokuwa jina.

Sasa soma tena huo mstari polepole. Unasema raia wa nchi mbili. Ukichoma pasipoti ya Burundi kama anavyotaka binamu hujaacha kuwa Mrundi, umechoma karatasi tu, na fomu yao tayari inasema wewe ni Mrundi. Kinachokutoa kwenye shimo ni kuonyesha kwamba uko na nchi mbili, halafu wewe unaenda kuficha moja! Mimi hizi hekima za jikoni huwa zinanichosha.

Huyo wa elfu sitini ndiye hatari kuliko wote. Fikiria afisa ameketi na ingizo lako la 2023 linalosema Burundi, DS-260 inayosema Burundi, pasipoti mbili zote zinazosema umezaliwa Bujumbura, halafu wewe unamsukumia cheti kipya cha Machakos. Kwa sheria yao mtu akidanganya kwa jambo la maana ili apate viza anafungiwa maisha, si kwa DV peke yake, hata viza ya kwenda kuzika mtu. Na dalali hatakuwa dirishani, atakuwa ameshakula pesa yako anatafuta mwingine.

Mjomba umsalimie, lakini anaongea katiba ya zamani. Hiyo ndiyo ilikuwa inakataza. Tangu Agosti 2010 kifungu cha 14 kinasema mtu ni raia wa kuzaliwa kama baba AU mama alikuwa raia, awe amezaliwa ndani ya Kenya au nje, na kinawagusa hata waliozaliwa kabla ya hiyo katiba, na kifungu cha 16 kinasema raia wa kuzaliwa hapotezi uraia kwa kupata wa nchi nyingine. Beba kopi ya kitambulisho cha mama na cheti chake cha kuzaliwa, juu afisa akikuuliza "Ukenya uliupata lini na vipi" unataka kuwa na karatasi ya kumpa, si hadithi.

Haya, kazi yako ya wiki hii ni ile DS-260. Kijana wa saiba alikosea lakini mbele yao sahihi ni yako, kwa hivyo usikae kimya ukingoja waone wenyewe. Andikia kile kituo chao cha Kentucky kinachoshughulikia DV, namba ya kesi juu kabisa, uwaombe wakufungulie fomu urekebishe uraia, na kwa vile kesi imeshapangiwa tarehe andikia na ubalozi pia. Maneno machache tu: nimegundua nilijibu vibaya swali la uraia mwingine, mimi ni raia wa Burundi na wa Kenya, naomba viza kwenye pasipoti ya Kenya namba fulani, kopi hizi hapa. Usianze kumlaumu saiba kwenye barua, hawana haja naye. Wasipojibu printi hiyo barua pepe na tarehe yake uende nayo, na siku ya intavyu useme wewe mwenyewe mapema. Kosa lililosahihishwa na mwenyewe kabla hajabanwa halionekani sawa na kosa lililokamatwa. Na pasipoti ya Kenya uiangalie leo, ikiwa imebakisha chini ya miezi sita anza kuirinyu sasa hivi.

Majina: kwenye hiyo fomu kuna pahali pa majina mengine uliyowahi kutumia, ukifunguliwa weka yote matatu kama yalivyo. Halafu nenda kwa wakili akuandikie hati ya kiapo kwamba mwenye majina mawili na mwenye matatu ni mtu mmoja, tarehe ya kuzaliwa ile ile, wazazi wale wale. Warundi na haya mambo ya majina wameshazoeleka, nyumba moja watoto watano kila mtu na jina lake la ukoo tofauti, kwa hivyo halitawashtua.

Jambo ambalo hukuliuliza kabisa na ndilo linaloweza kukuangusha ni cheti cha polisi cha Burundi. Najua unajihesabu ulitoka mtoto. Lakini sheria yao inasema nchi ya uraia wako, ukiwa umeishi huko zaidi ya miezi sita, unaleta cheti. Wewe hata tukianza kuhesabu ulipofikisha 16 Machi 2014 mpaka mkatoka Juni 2015, hapo ni mwaka mzima na zaidi. Kwa hivyo ni viwili: gudi kondakti ya Kenya, hiyo unaanzia eCitizen halafu alama za vidole Huduma Senta au pale DCI, makao ya wapelelezi wa polisi, barabara ya Kiambu, na cha Burundi, kile wenyewe wanaita extrait du casier judiciaire. Mpigie mzee leo kabla hujamaliza kusoma hapa, aende akaulize kama anaweza kukuchukulia na anahitaji barua gani kutoka kwako. Kama hawezi itabidi uende, na usikate tiketi ya basi ya kupitia Kigali kwa mazoea, ule mpaka wa Rwanda na Burundi ulifungwa Januari 2024, utazunguka Tanzania utokee Kobero, kwa hivyo hesabu siku za njiani vizuri. Ukiwa huko, au mzee akiwa anatembea hizo ofisi, mchukue na extrait d'acte de naissance, yaani cheti cha kuzaliwa, mpya kama yako imechakaa.

Zote hizo za Kifaransa zitafsiriwe Kiingereza, na mtafsiri aandike chini kwamba anazijua hizo lugha na tafsiri ni sahihi, aweke sahihi yake. Kiswahili au Kiingereza hapa Nairobi wanapokea, Kifaransa bila tafsiri utarudishwa. Na KCSE ubebe cheti chenyewe, ile karatasi ya matokeo ya shule peke yake usiitegemee, kama cheti bado kimekaa shuleni juu ya deni la fii kaombe huruma sasa.

Ya hospitali pia usingoje. Ni kwa daktari waliyemteua wao tu, orodha wamekuwekea kwenye maelekezo ya ubalozi, na sababu ya kukuharakisha ni kifua. Eksirei ikionyesha kitu watakutaka makohozi, na ile ya kuoteshwa maabara inaweza kula wiki nane, wiki ambazo wewe huna. Mwaka wa DV-2025 unakufa tarehe 30 Septemba usiku, na hakuna kuongezewa, hakuna "karatasi yangu ilikuwa njiani", hakuna rufaa ya kukurudishia. Mtu wa Novemba akipewa ile karatasi ya kuleta kitu kilichokosekana anarudi nyumbani anapumua, wewe wa katikati ya Septemba ukipewa hiyo karatasi uko kwenye maombi na kufunga. Ndio maana nakusumbua na vitu vidogo vidogo.

Sasa mchumba. Hapa nitasema polepole.

Mwanangu, ndoa ya haraka haitamvusha. Ni kweli ukiolewa kabla ya viza kutoka, mume anaweza kuongezwa kwenye kesi yako hata kama hukumwandika 2023 maana hukuwa na mume. Lakini yeye pasipoti yake ni ya Burundi peke yake, ile nafasi ya raia wa nchi mbili haimhusu, na amri inamkamata hapo hapo mlangoni. Kwa AG penyewe notisi ni siku 21 kwa kawaida, halafu ajaziwe fomu, afanye hospitali, apate casier yake, alipe, yote kabla ya 30 Septemba, na dirishani muonekane wawili wenye cheti cha ndoa cha wiki iliyopita mkiulizwa mlikutana wapi na nani alimwona nani kwanza. Unaweka intavyu yako rehani kwa kitu ambacho mwishowe kitakataliwa.

Ukienda mseja ukapata grinikadi, ukaja ukaolewa naye kwa heshima, mahari yatolewe na bibi acheze, unamwombea kwa ile fomu ya I-130 kama mume wa mwenye grinikadi, foleni ya F2A wanaiita. Ni ndefu, sikufichi, na kwa amri ilivyo leo hata hiyo imefungwa kwa Mrundi. Ukishakuwa raia, ambayo ni baada ya miaka mitano, mume wa raia yuko kwenye lile kundi la familia ya karibu ambalo hiyo amri ya Juni 2025 ililiacha nje. Mwambie hivyo, mketi mpige hesabu pamoja, na umwonyeshe tarehe kwenye karatasi ili asidhani ni wewe unayesema hapana. Kama ni mtu wa maana atauliza maswali magumu kisha atakusaidia kutafuta hicho cheti cha Bujumbura. Akikasirika kwamba unaenda, hilo pia ni jibu na ni bora ulipate Agosti hii.

Lakini kama mtaamua kuoana kwa sababu zenu wenyewe, basi lazima useme dirishani umeolewa. Usifiche mume kama binamu anavyotaka ufiche pasipoti. Na mahari yasitoke kabla ya intavyu halafu ukasema uko single, kwa sheria ya Kenya ya 2014 ndoa ya kimila ni ndoa, sitaki uulizwe swali la ndiyo au hapana uanze kueleza mila.

Siku yenyewe: fika mapema, simu usiende nayo ndani, kuna kulipa dola 330 kwa keshia na hazirudi hata ukinyimwa. Vidole, kisha unangoja, kisha unaitwa dirishani unainua mkono wa kulia unaapa kwamba ulichojaza ni kweli. Hapo, kabla hajaanza maswali yake, ndipo unasema kwa ufupi: kuna jibu moja kwenye fomu nimelirekebisha, mimi ni raia wa nchi mbili. Unasukuma pasipoti zote, ya Kenya juu. Halafu nyamaza asome. Watu wetu tuna tabia ya kujaza kimya, afisa anapiga kompyuta na sisi tunaanza kueleza historia ya vita na talaka ya wazazi, hakuna aliyekuuliza. Atakuuliza utafikia kwa nani na utaishi vipi, kwa hivyo uwe na barua ya mwenyeji wako na taarifa ya benki, wengine wanatakiwa ile I-134 ya mtu wa kukudhamini, afadhali uwe nayo mkononi ikose kuulizwa.

Ukipata viza itabandikwa kwenye ya Kenya. Mahali pa nchi unayohesabiwa itasomeka Burundi, usishtuke na usikimbie kurudisha, hiyo ni ile hesabu ya kuzaliwa. Lipa dola 235 za USCIS, idara yao ya uhamiaji, kwenye mtandao kabla ya kusafiri ndio kadi yenyewe itumwe, na kaunta ya ndege na kule uwanja wa Marekani pasipoti unayotoa ni hiyo hiyo ya Kenya. Ukipewa bahasha iliyofungwa usiifungue hata mama akikuomba aone.

Mimi si wakili, nimekaa tu miaka mingi na watu wakijaza hizi fomu, kwa hivyo hiyo barua ya kurekebisha uraia ukiwa na uwezo mpe wakili wa mambo ya uhamiaji aisome kabla hujaituma. Hata nusu ya zile elfu sitini zitamtosha.